Koti la Msiba: Historia ya Marehemu Gervas Kolumbani Mloka

Tumsifu Yesu Kristo. Padre wetu, katekista, wazee wa ukoo, ndugu wa upande wa baba, watani wetu mliokaa kule karibu na banda la mbuzi, majirani wote, na ninyi mliopanda mlima kwa miguu kwa sababu gari limeishia njiani, shikamooni wakubwa wote, na wengine poleni na safari. Mimi naitwa Irene, marehemu ni mjomba wangu, mdogo wake mama yangu Bernadeta. Kwa desturi historia hii angeisoma babu Fransisko, mjomba wa marehemu na mkubwa wa ukoo wetu, ambaye amekaa hapa mbele, lakini sauti yake leo haitoki, na ameniomba nisome kwa niaba yake na kwa niaba ya familia nzima.

Marehemu Gervas Kolumbani Mloka alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, hapa hapa Mgeta, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu mzee Kolumbani na marehemu mama Theresia, na hakuzaliwa nyumbani wala zahanati, alizaliwa njiani, mama yake akishuka kwenda zahanati ya misheni, na mwanamke mmoja aliyekuwa na tenga la kabichi kichwani alitua mzigo wake, akatandika kanga yake kwenye majani, akamzalisha, akamfunga mtoto kwa kanga ile ile, kisha akajitwisha kabichi zake akaendelea na safari, na mpaka leo hatujui jina lake wala kwao.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1994 na kuimaliza mwaka 2000, hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, naye hakulalamika, na mwalimu wake wa kilimo siku ya kuagana alimpa mfuko wa mbegu za njegere akamwambia akapande, akapanda, na kuanzia mwaka 2001 mpaka alipougua alikuwa mkulima wa mboga anayejulikana gulioni, wa kabichi, karoti, viazi mviringo na njegere, na ngazi zote za mawe mnazoziona kwenye mteremko ule, zinazozuia udongo usiende mtoni, alizipanga yeye jiwe kwa jiwe, zake na za majirani ambao hawakuwa na nguvu.

Tarehe 12 Septemba 2009 alifunga ndoa takatifu na Faraja katika kanisa letu la misheni, na tarehe 5 Juni 2011 Mungu akawajalia binti mmoja, wakampa jina la bibi yake, Theresia, ambaye yuko hapa pamoja na mama yake, na Faraja nakushukuru mbele ya watu, kwa sababu kaka zako walikuja kukuchukua mwaka 2014 hali ilipokuwa mbaya na hakuna aliyekulaumu, lakini kila Noeli ulimleta mtoto kumsalimia baba yake, ukamfundisha kumpa shikamoo hata siku ambazo baba hakumtambua.

Sasa niseme kazi yake nyingine, isiyo na mshahara, ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane milima hii yote, nayo ni utani wa misiba. Wageni wetu wa mbali mtuwie radhi tukieleza. Ukoo wetu na ukoo wa marehemu Mzee Damiani ni watani tangu enzi za mababu, akifa mtu wao sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaowachekesha wafiwa ili machozi yapate njia, tunaovaa koti la marehemu na kutembea kama alivyotembea, tunaolala kaburini na kukataa kutoka mpaka tubembelezwe, na akifa mtu wetu wao hutufanyia hivyo hivyo, na koti lile mtani huondoka nalo, akalirudisha siku ya kuondoa matanga, na hakuna anayemwita mwizi.

Mjomba Gervas alizaliwa na kipaji hicho. Wengi wenu mlikuwepo alipozikwa yule mzee mchoyo wa kitongoji cha chini, Gervas akasimama kati ya watu, akashika kifua, akasema, "Huyu mzee hata kikohozi alikuwa akikirudisha ndani, asije akakiokota jirani!" Kisha akajilaza kaburini, akampigia kelele marehemu aliyekuwa bado kwenye jeneza, "Ukija usogee, mzee, usichukue shimo lote peke yako!" Mjane alicheka mpaka akashikwa na wanawake wawili, na jioni yake alikula kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe, na mimi nilikuwa binti mdogo pale, nikaona kwamba mjomba alipotoka kaburini, kabla ya kupangusa udongo, alimtazama kwanza kama anakula.

Kuhusu ugonjwa wake. Jana mchana tulipokaa kuandika historia hii palikuwa na maneno kidogo, kwa sababu babu Fransisko alisema, "Andika kifua, inatosha," na mama yangu akasema kifua kilimuua lakini si kifua kilichomfunga, watu wakaangalia chini, halafu babu mwenyewe akasema, "Basi andika. Mimi nilishasema mara moja kwamba haumwi, na mmeona." Kwa hiyo ninayoyasoma sasa yana ruhusa yake.

Mjomba Gervas alianza kuugua akili masika ya mwaka 2013, baada ya mama yake kufariki mwaka uliotangulia, akawa halali, akawa anamsikia mama yake akiita kutoka chini ya ngazi zake za mawe, akabomoa kwa mikono ngazi alizojenga kwa miaka ili amtoe, mvua ikanyesha, udongo ukaenda na kabichi zote. Alipelekwa kwanza kwa mganga ambaye alimfungia kwenye moshi akiwa amefungwa kamba, na makovu ya mikono yake mliokuwa mnamwosha leo mmeyaona, kisha mwezi Agosti 2014 mama yangu alimpeleka hospitali mjini Morogoro, wakampa dawa na sindano ya kila mwezi, na muuguzi mmoja pale alikuwa akimwita kwa jina lake lote, Gervas Kolumbani, kama mtu anayeitwa kupewa zawadi, na kwa ajili ya kuitwa hivyo tu alikuwa akishuka mlima bila kusukumwa. Akapona kiasi cha kulima tena, akazipanga ngazi upya.

Mwaka 2021 tulikuwa na misiba mingi sana, mnaukumbuka, na kila tarehe ya sindano ilipofika palikuwa na jeneza mahali, na watu walikuja hapa uwanjani wakasema, "Gervas asishuke leo, bila yeye huu si msiba," na yeye akabaki kwa heshima yao, mwezi mmoja, na wa pili, na wa tatu. Alipoanza tena kuongea yasiyoeleweka, alipoanza kujibizana na wafu, sisi tulicheka, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na watu waliondoka wakisema kwamba siku hizi Gervas amejaliwa zaidi. Msibani mtani husema lolote na hakuna anayemuuliza kama ni mzima.

Tarehe 9 Februari 2022 alizikwa Mzee Damiani mwenyewe, mkubwa wa watani wetu, mzee aliyekuwa akichechemea kwa sababu ya nyonga, na mjomba Gervas alichimba kaburi tangu asubuhi, kisha akaingia ndani kutafuta koti la marehemu, akakuta koti jeusi kwenye kiti, akalivaa, akatoka akichechemea vile vile kama Mzee Damiani, akikohoa vile vile, akiwauliza wajukuu kwa jina kama mbuzi wameshakunywa maji, watu wakalia na kucheka pamoja, naye akashika njia akaenda nalo. Koti lile halikuwa la Mzee Damiani. Lilikuwa la mwanawe Anselmi, aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam na kulivua ili asaidie kubeba jeneza, na kwetu sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo Mzee Damiani alikuwa mtani wetu lakini Anselmi si mtani wetu, na tena alikulia mjini na mambo haya hakuyajua. Mfukoni mlikuwa na simu yake.

Asubuhi yake matanga yakiwa bado yamekaa, Gervas alirudi mwenyewe, bado amevaa koti, bado anachechemea, akaketi mbele ya mjane akasema ana njaa, na yule mama, Mungu amtunze, alimtazama mtu anayeongea kwa sauti ya mumewe, hakumfukuza, alimmiminia uji, akampozea kwa kata, akamwambia, "Kunywa, baba Anselmi." Alipoulizwa simu iko wapi, Gervas alijibu kwamba ameizika, kwa sababu ilikuwa inaita sana na marehemu anataka kupumzika, na alipoambiwa aonyeshe mahali alisema kaburi halifukuliwi. Anselmi alipiga simu polisi kwa simu ya mtu mwingine.

Walipokuja na kumtia pingu, watu walidhani ni utani unaendelea, wengine walidhani Anselmi amekodi polisi ili amjibu mtani, wanawake wakapiga vigelegele, na mjomba mwenyewe alinyoosha mikono akasema, "Msinikaze sana, afande, marehemu mwenyewe hajalalamika!" Uwanja mzima ukacheka. Alishushwa mlima huo anachekwa na kushangiliwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanatazama, mjamzito, na polisi mmoja kijana alikuwa amemshika begani ili asiteleze kwenye mawe, nililiona hilo.

Akawekwa mahabusu mjini, dhamana haikupatikana, na huko ndani aliendelea kuongea kwa sauti za wafu, wenzake wakaogopa, wakampiga ili anyamaze. Aliyemkuta huko ni dada Zuhura, msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake ni kuingia magereza kutafuta watu wanaoumwa akili, waliofungiwa ndani badala ya kupelekwa kutibiwa. Dada Zuhura alipanda mlima huu na viatu vya mjini, akakaa kwenye kigoda hiki hiki, akatueleza taratibu kama anaeleza watoto, kwamba sheria inamruhusu hakimu kusimamisha kesi na kuagiza mtu apimwe na daktari wa akili, na akionekana aliumwa alipotenda kosa hapelekwi jela, anapelekwa hospitali, lakini hakimu hawezi kujua kwa kumtazama tu, lazima mtu wa nyumbani asimame aseme, ameugua tangu lini, ametibiwa wapi, ameacha dawa lini. Kilichotakiwa kilikuwa hicho tu, mtu mmoja wa kwao aseme anaumwa. Tukakubaliana atasema mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpeleka sindano.

Tarehe 20 Aprili 2022, siku ya kesi, uchungu wangu ulianza alfajiri kabla ya wakati wake, mtoto akiwa amekaa vibaya, mama akashuka nami kwenye machela badala ya kwenda mahakamani, na huyu aliyeshika kanga yangu ndiye aliyezaliwa siku hiyo. Babu Fransisko akaenda peke yake, kama mkubwa wa ukoo, amevaa kanzu yake ya Pasaka.

Babu hakwenda kumuumiza. Ninaomba hilo lisikike mpaka nyuma. Babu alifikiri njia yote kushuka mlima, akaona kwamba akisema mtoto anaumwa, ukoo utaitwa wa wendawazimu, mabinti hawataolewa, na koti litabaki limeibwa na mwendawazimu, lakini akieleza utani, hakuna wizi kabisa, mtu ataachiwa pale pale. Kwa hiyo alipoulizwa alisimama wima akasema, "Mheshimiwa, kwetu hakuna wazimu. Huyu ni mtani, na koti la msiba ni haki ya mtani." Hakimu, ambaye si mtu wa milima hii, akamuuliza, "Kwa hiyo alijua anachokifanya?" Babu akajibu kwa fahari, "Alijua vizuri sana, mheshimiwa. Hakuna mtani anayeijua kazi hiyo kama yeye."

Dada Zuhura alinyanyuka kutaka kuongea, akaambiwa akae. Mjomba Gervas kizimbani alipiga saluti akasema, "Shikamoo mjomba, umenisifia vizuri, sasa mwambie mzee huyu anirudishie koti langu," na watu wa mahakamani wakacheka, na koti lilikuwa pale mezani, limewekwa kama kielelezo. Akahukumiwa miezi kumi na minane. Babu hakuielewa hukumu, akapanda mlima siku hiyo akiwaambia watu njiani kwamba hakimu amemsikiliza vizuri, na ni Zuhura aliyekuja kesho yake kumweleza kwamba neno lake la "alijua" ndilo lililompeleka mtoto jela badala ya hospitali.

Gerezani hakupata sindano. Walipopelekwa kuchimba shimo la choo, lilipofika kimo cha mtu, mjomba alijilaza chini akakataa kutoka, akasema hatoki mpaka wafiwa wambembeleze, akabembelezwa kwa marungu, nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya, na tangu siku hiyo alichechemea, bila koti na bila kuigiza, vile vile kama Mzee Damiani. Kifua alikipata huko huko. Lakini palikuwa na mfungwa mmoja mzee, mtu wa Kisaki, aliyempa nusu ya blanketi lake kipindi chote cha baridi, na palikuwa na askari mmoja aliyemwacha akae juani asubuhi wakati wengine wanafanya usafi, na dada Zuhura alimpelekea sweta la kijani, akarudi kila mwezi kuhakikisha bado analo.

Aliachiwa tarehe 19 Aprili 2023, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo. Zuhura akampeleka yeye mwenyewe kliniki, akaanza tena sindano, na akili ikamrudia yote, ikawa safi kama ya mtu yeyote aliyekaa hapa, na hilo, ndugu zangu, lilimuuma kuliko marungu. Alikaa mlangoni akatuuliza kimoja kimoja, kama ni kweli aliizika simu, kama ni kweli alikunywa uji wa mjane akijiita mumewe, kama watu walicheka alipofungwa pingu, na sisi hatukuweza kumdanganya. Aliomba apigiwe Anselmi ili amwombe msamaha, tukapiga, akaongea kwa upole sana, akieleza aliumwa, na Anselmi akamjibu, "Hiyo ni zamani, nilishanunua nyingine," simu ikakatwa. Mjomba akairudisha ile simu ya mama kwa mikono miwili.

Hakuwahi kutania tena. Misiba ilipotokea aliombwa, akasema hajui. Na si yeye peke yake, tangu kesi ile hakuna mtani aliyegusa koti la marehemu milima hii, mnalijua, tumezika watu kama tunapanda mihogo, tunafukia tunaondoka. Alipanda njegere zake, akakaa nyumbani, akamfundisha mwanangu kupanga mawe madogo.

Mwezi Mei mwaka huu 2025 kifua kilizidi, majirani mkambeba kwa zamu kwenye machela mpaka barabarani, akalazwa, madaktari wakafanya waliloweza, akaomba arudishwe nyumbani, na siku ya Alhamisi tarehe 3 Julai 2025, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yangu, alifariki. Babu Fransisko alikuwa amekaa miguuni pake, akazishika zile nyayo mpaka zilipopoa. Ameacha binti mmoja, dada mmoja, mjomba mmoja na sisi wapwa wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemwita kwa jina lake lote, inawashukuru majirani mliotoa mabega yenu, wakulima wenzake mliolima shamba lake alipokuwa ndani ili asikute pori, mjane wa Mzee Damiani kwa ule uji, dada Zuhura aliyepanda leo tena na viatu vile vile, mzee wa Kisaki popote alipo, na mama wa kabichi kama bado anaishi. Anselmi ametuma salamu za rambirambi, zimepokelewa.

La mwisho ni kwa watani wetu. Mmekuja tangu alfajiri, mmechimba kaburi vizuri, na mmekaa kimya kule kwenye banda kama wageni. Bibi Mwaisha, wewe ni dada yake Mzee Damiani na ndiye mkubwa wao, na umeniuliza kwa sauti ndogo, nikiwa natwanga, kama ukivaa nguo ya marehemu leo utapelekwa polisi. Bibi, nimeuliza wazee wangu wote mmoja mmoja, nikamwacha babu Fransisko wa mwisho, naye amesema nijibu mbele ya watu ili pawe na mashahidi. Sweta la kijani nimelifua, nimelitundika kwenye msumari wa mlango. Mifuko nimeikagua mwenyewe, hamna simu, hamna kitu ila punje za njegere, nimeziacha humo. Livae. Chechemea kama yeye, mcheke hata nyonga yake, mseme, lala kaburini ukatae kutoka, sisi tutakubembeleza kwa mikono mitupu, na ukiondoka nalo, ondoka nalo moja kwa moja, usilirudishe.

Mjomba Gervas, mahali utakapolazwa leo hakuna atakayekuvuta kutoka. Lala, upumzike kwa amani.